Moshi wa Kwanza Mtaani

Hapo zamani, zamani isiyo mbali sana, palikuwa na mji ulioitwa Lutende. Ulikaa katikati ya milima kama uji ndani ya bakuli. Masika, mvua iliuosha. Majira ya upepo, vumbi na moshi vilipita zake. Lakini kipupwe kikiingia, upepo ulikatika, baridi ikalala bondeni, na moshi uliopanda ulifika juu kidogo ya mapaa, ukachoka, ukarudi kukaa na wenyewe.

Wake wa Lutende walikuwa na jambo lao. Alfajiri walifagia uwanja, wakachoma majani. Aliyetangulia kutoa moshi ndiye aliyetangulia kuamka, na aliyetangulia kuamka ndiye aliyeitwa mke. Tusekile, mama kijana mwenye haya, asiyeweza hata kumfukuza kuku wa jirani, alisemewa na moshi wake. Kila alfajiri wake ulikuwa wa kwanza. Majani yakimwishia, aliokota ya jirani.

Kipupwe kimoja mwanawe Lusajo, wa miezi minane, akaanza kukohoa. Alikohoa hadi maziwa yakarudi. Tabibu wa zahanati akasema, "Dawa nimewapa. Sasa mtoeni kwenye moshi."

Mama mkwe wake, Bi Seba, akafungua sanduku, akatoa doti mpya ya khanga. "Atakayekiondoa kikohozi cha mjukuu wangu, hii ni yake."

Tusekile hakuwa na shaka adui ni nani. Alimbeba mtoto mgongoni, akavuka mto hadi kwa Ambakisye, mchoma matofali.

"Kaka, tanuri lako linamuua mwanangu."

"Shemeji, nikilizima leo matofali yote yatabaki mabichi."

Lakini Ambakisye alikisikia kifua cha mtoto kikikoroma. Akalizima. Matofali yakaharibika, na Lusajo akakohoa vilevile.

Ndipo akaja Subilaga, mkulima wa viazi aliyeishi juu mlimani. "Mdogo wangu, twendeni kwangu. Huko jua linawaka. Ninyi huku mnakaa ndani ya chungu kilichofunikwa."

Aliwapa kitanda chake, yeye akalala juu ya magunia. Siku ya tatu kikohozi kikapungua.

Siku ya nne, alfajiri, Tusekile alitazama chini. Tanuri lilikuwa limezimwa, lakini mji haukuonekana. Moshi ulipanda uwanja baada ya uwanja, ukagota, ukatandaa. Uwanja mmoja tu haukutoa kitu: wa kwake.

"Dada Subilaga, wanachoma nini kiasi hicho?"

"Wanachoma sifa. Wewe ulikuwa unachoma nini?"

Tusekile alikumbuka alivyovuka mto kumgombeza mtu wa watu, miguu yake ikiwa bado na majivu. Akajicheka mpaka mtoto akaamka.

Akamwacha Lusajo kwa bibi yake aliyepanda kumtazama, akashuka. Alipita nyumba kwa nyumba, sauti yake haivuki kizingiti. "Mimi ndiye niliyekuwa nikiwasha wa kwanza. Jamani, tuache hadi mvua. Majani tuyafukie."

"Mkwe wa Seba siku hizi anachelewa kuamka," wakasema wenzake. "Kitanda cha mlimani kimemnogea."

Aliamka mapema kama zamani, akafagia, akafukia, wala hakuna aliyejua kwamba ameamka. Hilo lilimuuma kuliko kucheka kwao. Lakini baada ya siku chache mmoja akaacha kuchoma, kisha wa pili, kisha mtaa mzima. Lusajo akarudishwa bondeni, akalala bila kukohoa.

Wote wakakaa mikekani uwanjani kwa Bi Seba, naye akaileta doti.

"Ni ya mke wangu," akasema Ambakisye. "Nani mwingine hapa amepoteza kazi ya mwezi mzima?"

"Kazi yako haikumponya mtoto," akasema Subilaga. "Alipata nafuu kitandani kwangu, na mgongo wangu mpaka leo unayakumbuka magunia."

Tusekile aliitazama mikeka. "Mama, kama na mimi ningeulizwa... mimi nimeusimamisha moshi. Na nimeitwa mvivu."

"Na moshi ulikuwa wa nani?"

"Wangu, mama. Na hakukuwa na mwingine kama huo."

Bi Seba aliikunja doti upya, taratibu. "Nami ndiye niliyekuwa nikiusifia," akasema.

Bado ameishika. Haya, ninyi mliosikia yote: mwenye tanuri, mwenye kitanda, au mwenye moshi, mngemvika nani?