Makaburi Mawili ya Bi Mwajabu

Haya, sogeeni. Asiyetaka kusikia akachunge kuku.

Zamani, wajukuu zangu, zamani babu wa babu yangu akiwa bado anabebwa mgongoni, kijiji hiki cha Wazigua kilikuwa na msikiti huku na kanisa kule, na katikati nyumba ya Bi Mwajabu. Bi Mwajabu alikuwa Mwislamu, mama wa wana wawili. Hemedi, mdogo, alibaki na dini ya mama. Zakaria, mkubwa, alibatizwa. Na walikula sahani moja. Nasema walikula sahani moja!

Bi Mwajabu akafa.

Hemedi akachimba kaburi upande wa msikiti. Zakaria naye akachimba upande wa kanisa. Makaburi mawili, maiti mmoja! Mmepata kuona? Vijana wa huku wakashika mapanga, wa kule wakashika mapanga, na mama wa watu yumo ndani, hajazikwa.

Sasa palikuwa na Nyamizi, Mnyamwezi, mtani wao, shoga wa marehemu wa kufa na kuzikana. Akaenda kwa Hemedi: "Mwanangu, zungumza na kaka yako."

"Aje yeye."

Akaenda kwa Zakaria: "Mwanangu, zungumza na mdogo wako."

"Aje yeye."

Akaenda, akarudi, akaenda, akarudi, mpaka miguu ikamvimba. Hofu ikamshika. Aliona watoto wa shoga yake watachinjana siku ya msiba wa mama yao.

Basi akashuka katika kaburi la Zakaria, akalala chali. Mila mnaijua: mtani akilala kaburini hatolewi kwa nguvu, wala hakasirikiwi.

"Nifukieni!" akapaza sauti. "Kaburi likishachimbwa halikai tupu. Mama yenu aingie lile, mimi niingie hili. Wazigua nyie, kwa kuchimba hamjambo. Kwa akili je?"

Wengine wakacheka. Zakaria hakucheka. Akachuchumaa ukingoni.

"Toka, mama mdogo."

"Sitoki. Mama yako alikuwa akiswali, wajua. Kanisani wamtakia nini?"

Zakaria akalia, mwanamume mzima.

"Nimeambiwa akizikwa kule msikitini sitaruhusiwa kumgusa. Nataka kumshusha mama yangu kwa mikono yangu. Basi. Sitaki kingine."

Hemedi, aliyevutwa na kelele akaja kusimama nyuma yake, panga likamtoka mkononi.

"Nani kakwambia?"

"Watu."

"Mbona hukuniuliza mimi?"

"Nawe mbona hukuja?"

Shekhe, mzee wa watu, akasema, "Mwana hazuiwi kwa mama yake."

Bi Mwajabu akaswaliwa, akazikwa upande wa msikiti, na waliompokea kaburini ni wanawe wawili, Zakaria kichwani, Hemedi miguuni. Nyamizi akatoka, na katika kaburi lile la pili wakalaza shina la mgomba mahali pake, wakalifukia wote pamoja.

Tangu hapo kila dini zilipokunjiana uso, huku na vijiji vya mbali, aliitwa Nyamizi. Alikwenda kwa miguu ileile mibovu, mpaka uzee ukamkalisha. Hakuhubiri. Alikuwa na swali moja tu: "Umeambiwa, au umeuliza?"

Nanyi, wajukuu zangu, ukisikia neno baya juu ya mwenzako na dini yake, nenda kamuulize mwenyewe. Nenda mapema, majembe yangali ndani.

Kisa nimekitua. Atakayekiokota, akibebe kwa mikono miwili.