Sweta la Nyani na Tundu la Sange

— Hadithi iko mlangoni.
— Ifungulieni.
— Ina tope miguuni.
— Ijifute, iingie.
— Imetoka mbali, imechoka.
— Ikae. Tunaisikiliza.

Haya, sogeeni, yule mdogo apate pa kuweka miguu.

Alikuwapo Sange. Sange ni yule mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu inayochezacheza kama mtu aliyesikia harufu ya maandazi. Aliishi mlimani kwenye baridi, kule ambako asubuhi ukungu unaingia mpaka jikoni. Sange alikuwa mjamzito. Tumbo lilikuwa limeshuka, na kipupwe kilikuwa kinakaribia.

Nyumba yake ilikuwa na ufa. Upepo uliingia upande huu, fyuuu, ukatokea upande ule, fyuuu. Sange akajisemea, "Mwanangu akizaliwa humu hatamaliza siku tatu. Lazima niikandike nyumba hii. Na lazima nimfumie sweta."

Lakini Sange hakuwahi kukandika. Wala hakuwahi kufuma.

Akachimba udongo. Akamwaga maji. Akaukanyaga, pwata pwata, pwata pwata. Akaubandika ukutani. Ukashika. Akageuka kuchukua mwingine, akasikia nyuma yake: pu. Udongo wote uko chini.

Akaubandika tena. Akageuka. Pu.

Akaubandika mara ya tatu, akasimama ameushikilia kwa mikono yote miwili na tumbo, anauangalia. Ukamwangukia miguuni. Pu.

Bibi Kobe alikuwa anapita. Hakucheka. Alisema, "Mwanangu, udongo mtupu hauna cha kujishikia. Changanya na majani makavu." Akaenda mwenyewe kuyaleta, amebeba mgongoni. Akaenda mara tatu. Mnajua mwendo wa Kobe. Alianza asubuhi, akamaliza jua liko utosini, na hakusema hata mara moja kwamba amechoka. Majani yakaingia kwenye udongo, pwata pwata, na safari hii ukuta ukashika.

Sweta nalo likawa na mambo yake. Kondoo alimpa sufu, akasema, "Chukua tu, iko mgongoni, mimi hata siioni." Shangazi Nungunungu akajing'oa miiba miwili iwe sindano za kufumia. Alipong'oa wa pili alikunja uso kidogo, halafu akasema, "Haiumi." Akamfundisha:

"Ingiza, zungusha, vuta, achia. Sema."

"Ingiza, zungusha, vuta, achia," akasema Sange.

Tiki tiki, tiki tiki. Ingiza, zungusha, vuta, achia. Mkono mmoja wa sweta ukatoka mrefu. Wa pili ukatoka mfupi. Akaufumua mfupi, akaufuma upya, ukatoka mfupi zaidi.

"Mtoto atakunja," akasema Nungunungu. "Watoto hawana maneno."

Sasa, kule majabalini alikaa Nyani dume. Alikuwa na nguvu, alikuwa na meno, na viganja vyake havikuwahi kugusa tope. Kazi yake ilikuwa kungoja wengine wamalize. Kobe alichonga kigoda. Siku alipomaliza kukilainisha, Nyani alikuja akakichukua. Njiwa alisuka mkeka. Siku alipokata nyuzi za mwisho, Nyani alikuja akauchukua.

Siku moja tu aliharakisha. Alichukua kapu la Chura kabla halijakazwa kitako. Akaenda nalo gulioni, pale wanyama wote wanapokutana siku ya soko, na kitako kikatoka, na mahindi yakamwagika, na wanyama wakacheka mpaka wakakaa chini. Nyani aliona aibu sana. Akasimama juu ya jiwe, akaweka mkono kifuani, akaapa mbele yao wote: "Kuanzia leo mimi Nyani sichukui kitu ambacho hakijaisha. Siku mtakayoniona nacho, nikirudishe kwa mwenyewe, na nisikanyage tena mlangoni kwake."

Kila mtu alisikia.

Basi, Nyani akasikia pwata pwata nyumbani kwa Sange. Akaja. Akaegemea ukuta mbichi, akaacha alama ya bega.

"We Kipua. Nyumba imekwisha?"

"Bado, bwana."

"Na hilo sweta, limekwisha?"

"Bado, bwana."

"Endelea. Nyumba ikiisha, nahamia. Na sweta ulipanue, mimi nina kifua."

Pua ya Sange ikaacha kucheza. "Bwana, sweta ni la mtoto."

"Mtoto gani? Mimi simwoni," akasema Nyani, akaondoka.

Mmesikia alivyosema? Mama mjamzito amesimama mbele yake, tumbo hili hapa, naye anasema simwoni. Hata Kobe, ambaye amesikia mengi katika miaka yake, aliingiza kichwa ndani ya gamba na hakukitoa mpaka jioni.

Sange akafikiri. Asipomaliza, baridi itamchukua mtoto. Akimaliza, Nyani atachukua nyumba na sweta, na baridi itamchukua mtoto vilevile. Hakuona njia. Akaendelea kufuma tu, maana mikono ikikaa bure moyo unazidi kuuma. Akalipanua sweta, kama alivyoambiwa. Alianzia shingoni, akateremka kifuani, akateremka tumboni.

Kila siku Nyani alipita.

"Nyumba imekwisha?"

"Bado, bwana."

"Sweta limekwisha?"

"Bado, bwana."

"Bado, bado. Unanichezea, Kipua."

Siku moja Sange aliinuka kukoroga uji. Sweta aliliacha kwenye kigoda. Mwiba ukachomoka, uzi ukanasa kwenye kidole cha mguu, naye hakujua. Akaenda jikoni, akakoroga, akaonja, akarudi. Alipotazama kigodani, hakuamini. Kazi ya siku tatu haipo. Ilikuwa imelala sakafuni, uzi tu, umejikunjakunja kama tambi.

Sange akakaa chini. Alitazama uzi, akatazama kidole, akatazama uzi. Machozi yakashuka mpaka ncha ya pua, na mnajua pua yake ni safari ndefu.

Nungunungu akaja akaketi karibu, lakini si karibu sana, asije akamchoma.

"Ndiyo kufuma, mdogo wangu," akasema. "Mishono ya mwisho isipofungwa, uzi mmoja ukivutwa unaondoka na yote. Kila anayefuma amewahi kulia hivi. Mimi nililia siku mbili."

Sange akapangusa pua. Pua ikatikisika. Ikatikisika tena.

"Shangazi. Sweta likiwa na shingo, likiwa na mikono, lakini mishono ya mwisho haijafungwa, limekwisha au halijaisha?"

"Halijaisha."

"Hata likivaliwa?"

"Hata likivaliwa harusini."

Sange akaacha kulia. Akachukua miiba yake. Ingiza, zungusha, vuta, achia.

Siku ya gulio ikafika. Asubuhi ile ukuta ulikuwa umekandikwa wote na kukauka, isipokuwa tundu moja pembeni mwa mlango, la kutosha yai la kuku. Sange alikuwa ameketi nje karibu na tundu hilo, sweta kubwa likiwa mapajani, mishono ya pindo la chini bado iko kwenye mwiba. Uzi ulitoka kwenye pindo, ukapita kwenye tundu, ukaingia ndani. Huko ndani ulifungwa kwenye nguzo ya kati. Bibi Kobe alikuwapo, ana tope mpaka shingoni.

Nyani akaja.

"Nyumba imekwisha?"

"Bado, bwana. Limebaki tundu hili."

"Sweta limekwisha?"

"Bado, bwana. Sijafunga mishono ya pindo."

Nyani akacheka. "Leo hunidanganyi. Lina shingo?"

"Linayo, bwana."

"Lina mikono?"

"Linayo miwili. Mmoja mrefu."

"Basi limekwisha."

"Bwana, nakuambia kweli. Halijaisha."

"Nikisema limekwisha, limekwisha. Na huu mwiba wa nini?" Akauchomoa mwiba mwenyewe, akautupa. Akalivaa sweta. Likamkaa vizuri kifuani, tukiacha ule mkono mmoja.

"Bwana, kwa mara ya tatu, halijaisha."

"Nenda ukatoe vyombo vyako. Nikirudi toka gulioni nataka kulala kwangu."

Akaondoka, kidevu juu. Sange hakutoa chombo hata kimoja. Aliingia ndani, akakaa karibu na tundu, akaanza kukunja uzi. Kuru kuru kuru.

Nyani akafika kijitoni. Pindo lilikuwa limepanda shubiri moja. Chura alikuwa anafua. Akamwona, nguo ikamponyoka ikaenda na maji.

"Umeduwaa, eh?" akasema Nyani. "Hujawahi kuona kitu kama hiki."

"Sijawahi, bwana," akasema Chura, naye alikuwa anasema kweli.

Kuru kuru kuru.

Nyani akapanda kilima. Pindo likapanda mpaka kitovuni. Kondoo alikuwa anakula majani. Akamwona, akasahau kutafuna, majani yakabaki yananing'inia mdomoni.

"Umeduwaa, eh? Hujawahi kuona."

"Sijawahi, bwana."

"Ila kilima hiki kina upepo wa ajabu," akasema Nyani, akajikuna tumbo, akaendelea.

Kuru kuru kuru.

Nyani akaingia gulioni. Wauza viazi wakanyamaza. Wanunuzi wakanyamaza. Mbuzi mmoja aliyekuwa anabishana tangu alfajiri, naye akanyamaza. Soko zima likatulia mpaka nzi akasikika. Nyani akapita katikati yao taratibu, akageuka huku, akageuka kule, ili kila mtu aone.

Shangazi Nungunungu akamwuliza kwa adabu, "Bwana Nyani, hicho ulichovaa ni nini?"

"Sweta. Huna macho?"

"Limekwisha?"

"Lime..."

Nyani akajitazama. Kifua wazi. Tumbo wazi. Kilichobaki ni ukosi shingoni na mikono miwili, mmoja mrefu na mmoja mfupi, na uzi mmoja uliotoka kwapani, ukapita kwenye viazi, ukapanda kilima, ukapotelea upande wa nyumbani kwa Sange. Nao ulikuwa bado unatembea.

Nyani akakamata uzi. Akauachia. Akajifunika tumbo kwa mkono mrefu.

"Amenidanganya," akasema mwishowe. "Aliniambia limekwisha."

Hapo wanyama wakatazamana, maana hakuna aliyekuwapo. Ndipo wakaona kitu kidogo kinateremka kilimani kwa kufuata uzi. Ni Bibi Kobe. Wakamngoja. Wakamngoja sana. Wengine walikula chakula cha mchana, wakarudi, bado wanamngoja. Nyani naye hakuweza kuondoka, kwa kuwa kuondoka ni kugeuka, na nyuma alikuwa na hali mbaya zaidi kuliko mbele.

Kobe akafika, akapumua, akasema, "Nilikuwapo. Sange alimwambia halijaisha. Alimwambia mara tatu. Aliyesema limekwisha ni yeye."

Wanyama wote wakamtazama Nyani. Hawakucheka. Walikuwa wamepigwa na butwaa mno hata kicheko kilikosa pa kupita. Na hilo lilimwumiza kuliko kicheko. Alikumbuka kiapo chake. Akavua ukosi, akavua mikono, akaviweka mbele ya Kobe, akarudi majabalini kwa njia ya porini.

Tangu siku ile hakukanyaga mlangoni kwa Sange.

Wiki ileile Sange alijifungua. Mtoto alikuwa mdogo kama kunde, na pua tayari ilikuwa inacheza. Akavishwa sweta la sufu ileile, na safari hii mikono ililingana. Sange aliipima mara nne kwa sababu hakuamini. Nyumba ikawa na joto. Tundu la pembeni mwa mlango aliliacha, na mpaka leo nyumba ya Sange ina tundu.

Siku ya kwanza ya sakitu, majani yote yakiwa meupe kwa baridi, Sange akachungulia kwenye tundu lake. Akamwona Nyani kule kwenye jabali, amejikunyata, anatetemeka. Sange akarudi ndani. Akachukua ule mkono mfupi aliourudisha Kobe toka gulioni, akaufunga upande mmoja, ukawa kofia. Akafunga mishono yote, hakuacha hata mmoja. Akaipeleka, pamoja na bakuli la uji wa moto, akaviweka juu ya jiwe na kurudi kwa mtoto.

Nyani alitazama bakuli. Akatazama kofia. Akaivuta huku na huku kutafuta uzi unaotoka. Haukuwapo. Siku ile ndiyo aliduwaa kweli. Ya gulioni ilikuwa kidogo.

Basi, wanangu, fundisho la hadithi hii ni hili: msimalize kazi. Vyombo visuguliwe nusu. Uwanja ufagiliwe upande mmoja. Daftari la hesabu liishie swali la nne, maana hamjui ni Nyani gani yuko nje anangoja la tano. Mkibisha muulizeni baba yenu. Hadithi hii aliisikia mara moja tu, na mpaka leo mlango wa choo chetu ni gunia.

— Hadithi inaaga.
— Ifungulieni itoke.
— Imeacha tope ndani.
— Tutafagia nusu.