Kola Nne Sandukuni

Chumba cha kushonea kilikuwa kirefu kama korido ya hospitali, chenye safu mbili za cherehani, nane mbele na nane nyuma. Upande mmoja palikuwa na meza ya kukatia vitambaa. Upande wa pili, mwisho kabisa, palikuwa na meza ya pasi. Humo yalizaliwa mashati ya sare za shule. Huyu alishona mikono, yule mifuko, mwingine kola, na kazi zote zilikutana mezani kwa Mama Pasi.

Mwenye kiwanda alikuwa mama aliyeanza na cherehani moja ya miguu, sebuleni kwake. Mwaka huo goti lilimshinda, ikabidi alazwe apasuliwe. Akamwita mtoto wa kaka yake, kijana aliyetoka kusomea uongozi wa biashara, akamkabidhi funguo.

"Kuna oda ya mashati elfu moja na mia mbili, siku kumi," alimwambia. "Shule ile ikitukimbia, safu ya nyuma itabidi niiachishe kazi. Ni wanawake wanane, na kila mmoja ana watoto wanaomtegemea. Umenisikia?"

"Nimekusikia, shangazi. Wewe tibiwa tu."

Kijana alikuwa na bidii, hilo lazima lisemwe. Alipanda kwenye ofisi ya vioo iliyokuwa juu ya ngazi, akabandika chati za rangi ukutani, na kabla ya saa sita mafundi walikuwa wameshampa jina: Bwana Chati.

Kutoka huko juu aliona jambo lililomkera. Mama Pasi alikuwa akinyoosha shati, mara anagonga meza kwa rula ya mbao. Akigonga mara moja, anainuka fundi wa mikono. Mara mbili, wa mifuko. Mara tatu, wa kola. Aliyegongewa alitembea chumba kizima, akainamia shati, wakanong'ona, wakacheka, akarudi. Bwana Chati aliwahesabu: mara tisini na sita kwa siku moja. Kwake yeye huo ulikuwa umbea mtupu unaolipwa mshahara.

Siku ya tatu akawakusanya.

"Kuanzia leo hakuna kuinuka kitini ila kwa chakula na choo," alisema. "Kugonga meza pia basi. Atakayeshona mengi atapata zawadi, na picha yake itabandikwa ukutani. Mwenye maoni aandike, atie kwenye sanduku hili. Nitalifungua Ijumaa."

Fundi wa kola, mwanamke mpole ambaye wenzake walimwita Kimya, aliinua mkono. "Bosi, tukikaa tu, makosa yetu tutayaonea wapi?"

"Hapo hapo kwenye cherehani, dada. Macho si unayo?"

"Ninayo."

"Basi yatumie."

Mama Pasi alikunja midomo. "Haya, mimi nimeshakuwa bubu," alisema. "Ila pasi yangu bado inapumua." Watu wakacheka chini chini.

Tangu hapo chati ilipanda kama maharage yaliyopata mti. Mashati mia na ishirini kwa siku yakawa mia na sitini. Hakuna aliyeinua kichwa. Kila mmoja alilinda fungu lake, na aliyeombwa mkasi alijifanya hasikii. Bwana Chati, kichwa kimemvimba, alipiga simu hospitalini. "Shangazi, lala usingizi. Watu wako walikosa mtu wa kuwasukuma tu."

Ijumaa asubuhi alifungua sanduku. Alitegemea kukuta malalamiko mawili matatu, pengine na pongezi. Hakukuta hata karatasi moja. Zilikuwamo kola nne za shati, zimefumuliwa na kukunjwa vizuri.

Alishuka ngazi akiwa amezishika mkononi. "Nani amenifanyia utani huu?"

"Ni mimi," Mama Pasi alijibu bila kuweka pasi chini. "Ulisema tuandike. Mimi kuandika kwangu ndiko huko. Kila siku nimekutilia moja."

"Sasa kola inasema nini?"

"Iangalie."

Akaiangalia. Ncha moja ililala vizuri, ya pili ilisimama kama sikio la mbuzi aliyesikia fisi. Kola ya pili hivyo hivyo, na ya tatu, na ya nne.

"Ziko ngapi za namna hii?"

Mama Pasi alifunua shuka nyuma ya meza. Chini yake palikuwa na magunia. "Mia mbili na kumi. Wewe ulikuwa unahesabu yaliyoshonwa, mwanangu. Mimi nahesabu yanayovalika."

Zilibaki siku tatu. Kijana alitupa jicho kwa safu ya nyuma, akaona nyuso nane, nyingine zikimtazama, nyingine zikikwepa, na maneno ya shangazi yake yakamrudia moja moja. Akamgeukia Kimya.

"Dada, miaka yote unashona kola. Hukuona?"

Kimya aliinuka. "Kaa wewe, bosi."

Alikaa. Kushona mstari ulionyooka alijua, kwani alifundishwa utotoni. Akashona kola kumi, akazipanga, akazitazama kwa kuridhika. "Mbona safi?"

Mama Pasi alizichukua, akazigeuza, akazipiga pasi. Kola nane kati ya kumi ziliota masikio.

Kisha sauti ikatoka safu ya nyuma: "Picha yake ibandikwe ukutani." Kicheko kililipuka, na yeye mwenyewe, uso ukimwaka, akacheka.

"Kola hushonwa ndani nje," Kimya alimweleza. "Mimi ninayeshona naona mgongo wake tu. Uso wake anauona mwenye pasi. Uzi ukikaza kidogo, sijui mpaka nigongewe. Nikigongewa naenda, naona, narudi kulegeza, na hasara inaishia shati moja. Nisipogongewa ndiyo hayo magunia."

Kijana aliinuka kitini. "Kosa ni langu," alisema hatimaye. "Mama, rula yako iko wapi? Igonge. Lakini niambieni, kwa nini meza ya pasi iko kule mwisho?"

"Kwa sababu soketi iko kule," Mama Pasi alisema. "Hakuna aliyewahi kuuliza."

Kabla ya jua kuzama fundi umeme alikuwa amevuta waya, na meza ya pasi ikahamia katikati ya safu mbili. Hakuna aliyetembea tena zaidi ya hatua nane. Zawadi ya mtu mmoja ilifutwa. Siku ambayo chumba kizima kingemaliza bila shati lililorudishwa, wote wangeondoka saa moja mapema. Mikasi ikaanza kuazimwa. Bwana Chati mwenyewe alichukua wembe, akakaa karibu na Kimya kufumua zile kola mia mbili na kumi.

"Taratibu, bosi," Mama Pasi alimwambia alipojikata kidole. "Damu haitoki kwa pasi."

Siku ya kumi mashati yote yalipakiwa. Mwalimu mkuu aligeuza kola moja baada ya nyingine, akakosa kasoro, akaagiza na kaptula. Habari hizo zilipofika safu ya nyuma, hakuna aliyepiga kelele. Cherehani nane tu ziliunguruma kwa pamoja.

Shangazi alirudi na mkongojo. Alimkuta mpwa wake kwenye kigoda kando ya meza ya pasi, akikagua kola.

"Nilikuachia ofisi ya vioo ili uone kila kitu."

"Kule nilihesabu kila kitu, shangazi, nisijue hata kimoja."

"Na hapa?"

Kijana alimwonyesha vidole vyake, vitatu vimefungwa plasta. "Hapa najifunza."

Shangazi alivuta kigoda kingine, akanyoosha goti lake, akaketi. "Basi sasa mafundi wangu wana meneja," alisema. "Ama kweli, kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake."