Magauni ya Mama Miran

Asiyeambiwa hujiambia. Mmeusikia usemi huu leo, wajukuu zangu, na mnataka kujua umetoka wapi. Ulianzia hapa hapa Morogoro, nyumbani kwa fundi cherehani mmoja aliyetoka Korea.

Jina lake lilikuwa Boksun, lakini mtaa mzima ulimwita Mama Miran. Alikuja na mumewe, mchimba visima. Mume alipofariki, yeye alibaki, akamlea bintiye Miran kwa kushona. Kila mwaka Miran alimwona mama akishona gauni dogo la mtoto wa kike, akilifunga vizuri na kulipeleka posta, liende Korea. Akiuliza ni la nani, mama alimtuma dukani.

Miran akakua na jibu lake mwenyewe: mama ana mtoto mwingine huko kwao, na huyo ndiye ampendaye. Alipofikisha miaka ishirini na miwili alimwambia hivyo waziwazi. Mama aliinamisha kichwa, akaendelea kushona. Miran akahamia Dodoma, na kwa miaka mitatu hakukanyaga nyumbani.

Kilichomrudisha ni posa. Wazee wa mchumba wake walitaka kuwajua wajomba na babu zake, naye hakuwa na hata jina moja la kuwatajia. Alimkuta mama amekonda, akamwuliza bila salamu ndefu ukoo wao ni upi.

Mama alisimamisha cherehani.

"Sina ukoo, mwanangu. Niliokotwa mlangoni pa kituo cha yatima. Mpishi wa pale, Bibi Deoksil, ndiye aliyenipa jina na kunifundisha kushona. Magauni yale ni ya watoto wa kituo. Ndiyo shukrani yangu kwake."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Kwetu zamani, asiye na ukoo alidharauliwa. Hata baba yako sikumwambia. Sikutaka aibu hiyo ikufikie."

"Mimi nilidhani unampenda mtoto mwingine kuliko mimi."

Mama alimvuta karibu. "Kumbe sikukuambia, ukajiambia," akasema.

Miran alipiga magoti, akalia mapajani mwake.

Siku ya posa ilipofika, mama hakumwachia mtu mwingine maneno yake. Mbele ya wageni na majirani alieleza yote, pamoja na miaka mitatu ya kupotezana na bintiye. Mzee wa upande wa mchumba akamjibu kwamba Bibi Deoksil, aliyemlea vizuri namna ile, ndiye ukoo wake. Wiki hiyohiyo Miran alimwandikia Bibi Deoksil barua, akamshukuru kwa kumlea mama aliyemlea yeye.

Majirani walirudi makwao na maneno ya Mama Miran midomoni. Hadi leo, mzazi wa mtaa ule akianza kumzungusha mwanawe kwa jambo linalomhusu, mwenzake humvuta pembeni, akamnong'oneza: asiyeambiwa hujiambia.