Kaniki Juu ya Ngoma ya Basi

Mnaniuliza kwa nini seli ya kongosho hupika na seli ya jicho huona, ilhali zote zina urithi mmoja. Kaeni vizuri, na anayetafuna amalize kwanza.

Zamani, mwili ulipokuwa bado nchi changa, nyuma ya mlima Tumbo palikuwa na kijiji kiitwacho Kongosho. Wenyeji wake walipika maji makali ya kulainishia chakula cha nchi nzima. Kila nyumba ilirithi ngoma zote za mababu: ya kupika, ya kuona, ya kujenga, na ya Basi, ile iliyowaambia watu watue vyombo. Ngoma isiyohitajika ilifunikwa kaniki, na kaniki ikashonwa kwa uzi mgumu, maana watu wale hawakufikiri kwamba mtu angeweza kujuta.

Mwaka mmoja maji makali yalifurika yakala kuta. Watu wakafumua kaniki ya ngoma ya kujenga ili wakarabati, na hapo hawakukosea. Aliyekosea ni fundi Kizaro. Alichoshwa na ngoma ya Basi iliyomkatiza kila akishika mwiko wa kujengea, akaishonea kaniki.

“Nitaifumua kazi ikiisha,” alimwambia mkewe, Bi Time.

Lakini kazi itaishaje, kama hakuna wa kusema basi? Kizaro alijenga chumba, akapandisha kingine juu yake, akasahau hata kupika. Nyumba ikaziba mfereji wa nyongo, na nchi nzima ikageuka manjano mpaka machoni. Wazee wakaja na mienge. Walisema ngoma ya Basi imepasuka, na nyumba ya namna hiyo huchomwa pamoja na waliomo.

“Niacheni niiguse kwanza, wazee wangu,” Bi Time aliwaomba. “Mume wangu ni mkaidi, ila hawezi kupasua kitu cha mababu.”

Akapitisha kiganja juu ya kaniki. Ngozi ilikuwa nzima, tena imekaza. Machozi ya furaha yakamtoka. Akaufumua mshono kwa meno, akapiga.

Mwiko ulimponyoka Kizaro, akaketi palepale kwenye tope. “Kumbe nimechoka hivi, mke wangu,” akasema.

Wazee wakaizima mienge. Vyumba vya ziada vikabomolewa, nyongo ikapita, na nchi nzima ikashusha pumzi.

Na tangu siku hiyo, mwilini kaniki haishonwi. Hufungwa fundo linalofunguka. Jicho limefunika ngoma ya kupika, kongosho limefunika ya kuona, na hakuna iliyotupwa. Kosa la Kizaro bado hutokea, nalo ni chanzo kimojawapo cha saratani, na kwa kuwa kijiji kimejificha nyuma ya mlima, habari huchelewa kufika. Zipo pia ngoma zinazopasuka kweli, sitawadanganya. Ila waganga wa leo wameshajua kwamba si kila ngoma iliyonyamaza imekufa. Kwa hiyo hupapasa kaniki kwanza, wakitafuta fundo.