Nguchiro na Namba ya Mkandarasi Kiboko

Paukwa?

Pakawa.

Pakawa nini?

Sema wewe, sisi tuna masikio tu.

Haya. Palikuwa na kilima kikavu, chini ya kilima mto, na ndani ya mto viboko.

Kilimani aliishi Nguchiro, mjane mwenye vitoto vingi, mdogo wa umbo, mwingi wa akili. Mumewe alikwenda kuteka maji mtoni, mamba akamla. Kwa hiyo wanyama wadogo wa kilimani wakampa Kiboko, mkandarasi, kazi ya kuwachimbia kisima. Wakamlipa kabla: maboga ya mavuno yote. Kiboko akayala, kwachu, kwachu, kwachu. Akapiga jembe mara moja, ko, akarudi mtoni, chubwi.

Wakangoja kisima, wapi.

Nguchiro akaenda kushtaki kwa Tembo, mkusanya kodi wa nchi ile. Tembo akamsikiliza, akapumua, fuuu.

"Mama, viboko wa mtoni ni wengi, wote wakandarasi, wote wanaitwa Kiboko. Nikimkamata huyu, atasema ni yule. Ila kila mmoja nilimpa namba yake ya mlipakodi. Niletee namba ya huyo wako, nitamjua. Bila namba, sina wa kumshika."

Nguchiro akashuka mtoni.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba."

"Namba yako ya mlipakodi ni ngapi?"

"Iko nyumbani." Chubwi.

Kesho yake akarudi.

"Shikamoo, Mzee Kiboko. Namba yako ni ngapi?"

"Anayo mke wangu." Chubwi.

Keshokutwa akarudi tena.

"Shikamoo, Mzee Kiboko. Namba yako?"

"Nimeimeza." Chubwi.

Asubuhi iliyofuata Nguchiro akamkuta kitinda mimba wake akilamba umande kwenye jiwe. Moyo ukamuuma. Akashuka mtoni, na safari hii hakumwamkia mtu. Alipita ukingoni akisema peke yake, kwa sauti ya kusikika:

"Kweli riziki haina mwenyewe. Maboga yote yale anakwenda kuyala Kifaru."

Yakaibuka masikio mawili. Yakaibuka macho. Kikaibuka kichwa kizima.

"Maboga gani?"

"Ah, shikamoo mzee. Hayakuhusu. Tembo ameokota ghala la maboga, mlangoni pamechorwa namba ya mkandarasi. Atakayeitaja ndiye mwenyewe. Kifaru yuko njiani, kwata kwata kwata."

"Hayo ni yangu."

"Sikatai. Lakini kwa miguu hiyo utafika lini? Labda ungemwita Tembo kutoka hapa hapa. Basi tu, namba umeimeza."

"Nani kasema?"

"Haya, taja na kazi uliyopewa, wasikuchanganye na wenzako."

Kiboko akaachama kinywa, ungeona hadi jana alikula nini.

"Hooo, hooo. Ni mimi Kiboko, mkandarasi wa kisima cha kilimani. Namba yangu nane, nane, sita, sifuri, moja."

"Upepo umeila ya mwisho, mzee."

"Moja," akanguruma Kiboko. "Moja, moja, moja."

Bonde zima likasikia. Tembo naye akasikia, akaja, tifu, tifu, tifu.

"Nane, nane, sita, sifuri, moja ni wewe?"

"Ni mimi. Yako wapi maboga?"

"Tumboni mwako. Kiko wapi kisima?"

Kiboko akamtazama Nguchiro. Nguchiro akatazama mawingu.

Tembo akasema, "Chimba, au uhame mto."

Kiboko akachimba juani, ko, ko, ko, ngozi ikimbabuka, wanyama wadogo wamekaa kivulini wakimwambia, "Bado kidogo, mzee." Mwisho maji yakatoka, bubu, bubu, bubu. Nguchiro akamnywesha kitinda mimba kwanza, kisha wenzake, kisha akanywa yeye, akafumba macho.

Hapo ngano yangu imechoka, naiacha ipumzike. Nanyi pumzikeni na maswali. Funzo lake ni hili: msiseme uongo, hata mkiwa na kiu. Nguchiro mwenyewe aliwafunza wanawe vivyo hivyo pale kisimani, nao wakaitika, "Ndiyo, mama," vidomo vikiwa majini.