Kanga Asiyeruka Ua

Paukwa!

Pakawa!

Hapo kale, mto ulitenga nchi mbili za wanyama: Bondeni na Nyikani. Kila msafiri alikaguliwa mara mbili, ng'ambo hii na ng'ambo ile. Wakachoka. Wakapatana wajenge ua mmoja wa miiba, upande wa Nyikani, na maofisa wa nchi zote mbili wakae humo. Ndani ya ua, ofisa wa Bondeni akague na akamate kwa sheria ya kwao. Nje ya ua, yeye ni mgeni kama wageni wengine.

Ofisa wa Bondeni alikuwa Bi Kanga. Alimpiga msafiri chapa ya tope mgongoni, ishara kwamba ameagwa kwao. Ndipo Bwana Ngiri, ofisa wa Nyikani, alipompokea.

Siku moja akaja Kenge na kikapu.

"Umebeba nini, ndugu?"

"Viazi tu, bi mkubwa."

Kanga akafunua. Mayai! Mayai ya dada yake, yaliyoibwa asubuhi ile. Bado yana joto. Yakipoa, vifaranga watakufa.

Kenge akakwapua kikapu. Churrr! Akapenya chini ya miiba. Akasimama nje, hatua tatu tu, akatoa ulimi.

"Njoo basi! Huku wewe ni mgeni!"

Kanga akakimbia, ta-ta-ta-ta, mpaka penye miiba. Akasimama.

"Ruka!" Tumbili akapiga kelele kwenye foleni. "Mabawa ya nini hayo, ya kupepea uji? Mayai si ya kwenu?"

"Mayai ni yetu. Ardhi ile si yetu." Kanga akakunja mabawa. "Nikiruka leo kwa haki, kesho mwingine ataruka kwa tamaa. Bwana Ngiri! Huyo yuko kwako!"

Ngiri akaja, gidi-gidi-gidi, akamzibia Kenge njia.

"Geuka. Chapa iko wapi?"

"Chapa ya nini? Nimekwisha kuingia!"

"Kwenu hujatoka, kwetu umeingiaje? Rudi ukaagwe."

Akamsukuma kwa pua, pamoja na kikapu chake, mpaka ndani ya ua. Kanga alikuwa akimngoja, kifua mbele.

"Karibu nyumbani, ndugu. Hapa nina mamlaka."

Akamkamata. Kisha akatega sikio kwenye yai mojamoja. Yote yalikuwa hai.

Husemwa kwamba ndiyo sababu kanga ana mabawa lakini hupenda kukimbia. Hilo sina ushahidi nalo. Nililo na hakika nalo ni hili: ajuaye mwisho wa mamlaka yake ndiye huheshimiwa ndani yake.

Hadithi yangu imeishia hapo, penye ua. Kuvuka sina ruhusa.